Inchi 15 Si Jibu

Leo tuzungumze habari za tairi, na si tairi la gari lolote, bali la gari la zamani: lile ambalo mtu amelirithi kwa baba yake au amelinunua kwa mzee mstaafu, akalipeleka gereji, bodi ikanyooshwa, rangi ikapigwa, injini ikafunguliwa na kufungwa upya, na sasa kimebaki kitu kimoja tu, magurudumu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi yote. Pesa zimekwisha, hamu imezidi, na muuzaji wa tairi ana swali moja tu la kukuuliza: "Bosi, saizi ngapi?" Unamjibu, "Kumi na tano." Anakuvutia tairi la inchi 15, analidundisha chini mara moja, anakwambia hili linaingia.

Linaingia, ni kweli. Sibishani naye. Lakini kuingia kwenye rimu ni jambo moja, na kulifaa gari ni jambo jingine. Muuzaji anajua la kwanza tu, maana gari lako hajaliona. Umekwenda kwake na bodaboda.

Tusitangetange, tuchukue gari moja: Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960, yenye injini nyuma inayopozwa kwa upepo. Nimeichagua kwa sababu bado zipo nyingi kwenye mabanda ya nyumba za watu, kutoka Moshi hadi Mombasa, na kwa sababu kila kosa la tairi mtu alitendalo, gari hili hulionyesha waziwazi.

Tuanze na maandishi ya ubavuni. Tairi la siku hizi, tuseme lile la muuzaji wetu, limeandikwa 195/65R15. Ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo, yaani milimita 127 hivi. R ni radiali, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la zamani halisemi hivyo. Beetle ya mwaka 1960 ilitoka kiwandani na tairi lililoandikwa 5.60-15, basi. Upana inchi 5.60, rimu inchi 15. Hakuna R, kwa sababu nyuzi zake zilipita mshazari, zikikatizana kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Hakuna asilimia, kwa sababu zama hizo ubavu wa tairi ulikaribia kulingana na upana wake, na kila fundi alilijua hilo. Michelin walianza kuuza radiali yao, ile iliyoitwa X, mwaka 1949, lakini ilichukua miaka mingi kabla viwanda vyote havijafuata. Ndiyo maana kuna magari yaliyozaliwa na tairi za mshazari na leo yanatembelea radiali. Si vibaya. Ubaya ni kuzichanganya. Ekseli moja isiwe na radiali upande huu na mshazari upande ule, hata kwa safari ya kwenda sokoni. Na kama huna budi kuwa na aina mbili kwenye gari moja, radiali zikae nyuma, maana zikikaa mbele, mbele hushika barabara kuliko nyuma, na siku ya mvua mkia wa gari utataka kutangulia.

Sasa hesabu, nayo ni ya darasa la tano. Mrithi wa kawaida wa ile 5.60-15 ni radiali ya 165/80R15, ambayo tairi nyingine huiandika 165R15 tu. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Ubavu ni asilimia 80 ya 165, yaani milimita 132, nao uko juu na chini, kwa hiyo 264. Jumla ni milimita 645. Hiki ndicho kimo cha gurudumu zima kutoka ardhini hadi juu, na ndicho kipimo ambacho gari linakijua. Gari halijui habari ya inchi 15. Giaboksi haijui, spidomita haijui, madigadi hayajui. Vyote hivyo vilipimwa kwa kimo cha gurudumu zima.

Kiwanda chenyewe kilionyesha mfano. Hadi mwaka 1952 Beetle zilitoka na rimu za inchi 16 na tairi za 5.00-16. Mwaka huo wakashuka hadi inchi 15, lakini wakaweka tairi nene zaidi, 5.60. Rimu ikapungua, tairi likaongezeka, na kimo cha gurudumu zima kikabaki karibu pale pale. Wale walijua wanachokilinda.

Sasa linganisha na kijana wa leo anayetaka gari la babu lipendeze kwenye picha. Anafunga rimu za inchi 17 na tairi za 205/40. Piga hesabu ile ile: rimu milimita 432, ubavu 82 mara mbili, jumla 596. Rimu ni kubwa, macho yanaona gurudumu kubwa, lakini gurudumu lenyewe limepungua karibu sentimita 5. Tumbo la gari limeshuka sentimita 2 na nusu, na Beetle haikuumbwa kutambaa. Injini nayo sasa inazunguka asilimia 8 zaidi kwa mwendo ule ule. Nisiwe mkali kupita kiasi: kwenye mlima kama Kitonga utaona gari linapanda kwa wepesi kidogo, maana gia zimekuwa fupi. Lakini ukishuka tambarare, ukiwa kati ya Chalinze na Morogoro jua la saa nane, injini ya nguvu za farasi 34 inayotegemea upepo kupoa itakuwa inapiga kelele njia nzima, na wewe utadhani fundi aliiharibu.

Halafu kuna spidomita, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu wenye Beetle wengi hawajawahi kukichungulia kitu hiki. Kwenye magari mengi ya zamani kebo ya spidomita hutoka kwenye giaboksi. Ya Beetle haitoki huko. Inaanzia gurudumu la mbele la kushoto. Kwenye kifuniko cha grisi cha gurudumu hilo, kile kikombe kidogo cha bati kilichopigwa katikati ya habu, kuna tundu dogo la mraba. Ncha ya kebo, nayo ya mraba, imechomoza humo na kuzuiwa kwa pini ndogo. Gurudumu likizunguka, kifuniko kinazunguka nalo, kebo inazunguka, na mshale kwenye dashibodi unapanda. Kwa hiyo tairi moja, la mbele kushoto, ndilo linalokwambia uko mwendo gani na umetembea kilomita ngapi.

Kuna mtindo wa kushusha pua ya Beetle kwa kufunga tairi ndogo mbele, 145/65R15, na kuacha kubwa nyuma. Tairi hilo lina kimo cha milimita 570 hivi badala ya 645. Likizunguka, linazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita moja, na spidomita inakudanganya: mshale unasema 80, gari linakwenda 71. Kilomita nazo zinadanganya vivyo hivyo. Gari limetembea 880, dashibodi inaandika 1,000. Ukiona Beetle yenye pua chini na mtu anakusimulia jinsi inavyokimbia, mwangalie tairi la mbele kushoto kabla hujampa hongera.

Ukikosea upande wa pili, kosa linakufikisha kwa askari. Mtu anafunga 205/75R15 kwa sababu alizipata bei poa na anataka gari lisimame juu. Kimo ni karibu milimita 689. Sasa mshale unachelewa: ukipita kijijini penye kibao cha 50, unasoma 50 safi kabisa, na tochi ya trafiki inasoma 53. Nenda ukamweleze habari ya kifuniko cha grisi.

Mafundi waangalifu hukubali tofauti ya kimo isiyozidi asilimia 3 juu au chini. Na hapa atasimama mwenye akili aniulize: je, ile 195/65R15 aliyonipa muuzaji? Kimo chake ni milimita 634 na nusu. Tofauti na 645 haifiki hata asilimia 2. Imepita mtihani wako, mzee. Kwa nini unaikataa?

Swali zuri. Tairi la 195/65R15 ndilo limejaa madukani, jipya na la mtumba, kwa sababu ndilo linalovaliwa na Toyota Noah, na Prius, na magari mengine mengi ya familia yanayoshuka bandarini. Ni rahisi kulipata na ni rahisi kwa bei. Kimo chake kinakaribia kile tunachokitaka. Lakini linataka rimu pana, kuanzia inchi 5 na nusu kwenda juu. Rimu ya Beetle ya zamani imepigwa chapa 4J, yaani upana wa inchi 4, milimita 102 tu. Tairi la milimita 195 likibanwa kwenye rimu ya milimita 102, mabega yanakunjamana kuingia ndani, ubavu unafura, na kashata inapinda katikati kama mgongo wa mtumbwi uliofunikwa. Linagusa barabara kwa ukanda wa katikati tu, linaisha katikati, na kwenye kona ubavu ule uliofura unalala upande mmoja kabla gari halijaitika. Umenunua tairi pana, na unalolitembelea ni jembamba kuliko lile la kwanza.

Tena ekseli ya nyuma ya Beetle za zamani ni ya kubembea. Kila gurudumu la nyuma linapanda na kushuka kwa kuzunguka kiungo kilicho karibu na giaboksi, kwa hiyo likipanda linainama, likishuka linainamia upande mwingine. Tairi jembamba lenye ubavu mrefu na bega la mviringo huvumilia kuinama huko. Tairi pana lenye uso bapa husimama kwa ukingo mmoja, wa ndani au wa nje, kutegemea umebeba nini. Hilo halirekebishiki kwa alaimenti, hata ukirudi kwa fundi kila wiki.

Basi mtu anasema: kama tatizo ni rimu nyembamba, nitabadili rimu. Haya. Hapo tumefika kwenye matundu.

Beetle za kwanza hadi zile za mwaka 1967, karibu zote, zina boliti 5 zilizopangwa kwenye duara la milimita 205. Ni duara kubwa ajabu, na huwezi kulikosea. Kuanzia modeli za 1968 nyingi zilikuja na boliti 4 kwenye duara la milimita 130. Kwa hiyo rimu za Beetle ya mjomba wako huenda zisiingie kwenye Beetle yako, na zote mbili ni Beetle. Kupima ni rahisi. Rimu ya matundu 4, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Rimu ya matundu 5 haina matundu yanayotazamana, kwa hiyo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata milimita 120 na nusu kati ya jirani na jirani, uko kwenye lile duara la 205. Ukipata 67, uko kwenye duara la milimita 114.3, ambalo ni la magari mengi ya Kijapani, na la Volvo PV544 pia, lile gari alilolishindia Joginder Singh mashindano ya Safari mwaka 1965.

Duara lililo mbali na lako halina madhara, maana rimu inakataa kuingia na hadithi inaishia hapo. Balaa ni lile lililo karibu. Nikutolee mfano wa Morris Minor, ile ya kina bwana shamba na walimu wakuu wa zamani. Ina rimu za inchi 14 na matundu 4. Toyota Vitz nazo nyingi zina rimu za inchi 14 na matundu 4. Rimu za Vitz zimejaa kila kona, za chuma na za aloi. Unaipeleka moja kwenye Morris, unaiinua, inaingia! Unafunga nati, zinakaza. Umefurahi. Lakini Morris ilitengenezwa Uingereza kwa vipimo vya inchi, na duara lake ni inchi 4 kamili, milimita 101.6. La Vitz ni milimita 100. Tofauti ni milimita 1.6, na kila stadi iko nje ya mahali pake kwa milimita 0.8, unene wa kadi ya benki. Macho hayaoni, lakini chuma kinajua. Nati haziketi kwenye viti vyake. Kila moja inavuta stadi yake kwenda upande mmoja. Gurudumu halikai katikati ya habu, gari linatetemeka, unaambiwa ukafanye balansi, unafanya, linatetemeka bado. Nati zinalegea, unazikaza tena. Stadi inapindishwa kila mzunguko wa gurudumu hadi siku inapokatika. Na stadi zenyewe za Morris ni za inchi tatu kwa nane, wakati nati za Vitz ni za milimita 12, kwa hiyo kuna fundi atakayekushauri ubadili stadi pia, na hapo ujue kwamba sasa unalijenga gari jingine kuanzia gurudumu kwenda ndani.

Viti vya nati navyo viangaliwe. Rimu za chuma za Volkswagen zinataka boliti yenye shingo ya mviringo. Rimu nyingi za aloi zinazouzwa kwa fahari zinataka shingo ya pia. Weka ya mviringo kwenye kiti cha pia, na kitakachogusana ni mstari mwembamba wa chuma usiozidi uzi. Boliti itasema imekaza nawe utaiamini.

Tukubali kwamba matundu yamelingana na viti vimelingana. Kimebaki kile kinachoitwa ofseti, na rimu nyingi za aloi zina namba yake imechorwa kwa ndani, ikitanguliwa na herufi ET. Namba hiyo inaeleza uso unaoegemea habu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Magari ya kisasa yenye injini na mvuto mbele yana namba kubwa, kwa hiyo rimu yake imeingia ndani sana. Magari mengi ya zamani yanataka rimu iliyotoka nje zaidi. Ukifunga rimu ya kisasa kwenye gari la zamani, mara nyingi ukingo wa ndani unagusa shokapu au mkono wa stelingi. Fundi atakwambia tuweke spesa. Spesa inasukuma gurudumu nje, boliti zinabaki na nyuzi chache za kushika, na beringi ya habu inabeba mzigo ukiwa mbali na pale ilipowekwa kubeba. Usukani unakuwa mzito na kila shimo la barabarani unalisikia viganjani. Mimi spesa nene kwenye gari la zamani siikubali.

Kumbuka pia kwamba upana unakwenda pande zote mbili. Ukitoka rimu ya inchi 4 kwenda ya inchi 6 bila kubadili ofseti, umeongeza sentimita 2 na nusu kwa ndani na sentimita 2 na nusu kwa nje. Kwa hiyo kabla ya kununua, pima nafasi iliyopo. Vua gurudumu la sasa, lilaze uso chini, weka ubao ulionyooka juu ya mgongo wake, upime kutoka ubao hadi pale rimu inapoegemea habu. Andika. Kisha lirudishe, geuza usukani hadi mwisho kulia, halafu hadi mwisho kushoto, na kila mara pitisha mkono kati ya tairi na chuma kilicho karibu. Andika palipobana. Kisha wapakie watu wanne wazima, si watoto, urudie. Wengine hubandika mabonge ya udongo wa kuchezea watoto ndani ya madigadi na kuendesha gari polepole kwenye barabara yenye mashimo, kisha wanasoma mabonge yaliyobonyea. Ni njia nzuri. Inachafua nguo tu.

Hapa nitapitisha onyo moja fupi kwa wenye Peugeot 505, kwa sababu gari hilo limependwa mno Kenya na kwetu. Baadhi ya 505 zilitoka na rimu za aina ya TRX za Michelin, ambazo kipenyo chake si inchi 15 wala 16 bali milimita 390. Inchi 15 ni milimita 381. Inchi 16 ni 406. Tairi la kawaida la saizi yoyote kati ya hizo halikai hapo, na anayelilazimisha kwa upepo mwingi anacheza na maisha ya kijana wa pancha. Geuza rimu, usome. Ukiona 390, tafuta rimu za chuma za kawaida za 505 na mambo yaishe. Wala usichanganye na namba 380 ya Peugeot 404 za zamani. Hiyo ni ile ile inchi 15 kwa hesabu ya Kifaransa.

Umri wa tairi. Gari la zamani halitembei sana, kwa hiyo tairi zake haziishi kwa kutembea, zinaisha kwa kukaa. Kashata ni nene, ubavu umepasuka mistari midogomidogo, na mwenye gari anasema bado mpya. Tafuta herufi DOT ubavuni, usome tarakimu 4 za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama hakuna tarakimu 4 bali ziko 3 tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na kazi yake iliyobaki ni bembea ya watoto. Hili lina uzito zaidi kwetu tunaonunua mtumba, ambako tairi lenye saizi adimu huoshwa, hupakwa rangi nyeusi inayong'aa, na husubiri mtu mwenye hamu.

Rimu za zamani pia nyingi hazina nundu za ndani zinazozuia bega la tairi lisiteleze upepo ukipungua. Weka tyubu, ya saizi yake. Usione haya.

Na upepo wenyewe. Kijana wa sheli ana namba moja kichwani, 32, na atawajazia wote 32, kuanzia bajaji hadi Beetle. Kitabu cha Beetle kinataka mbele kiasi cha 16 hadi 18, na nyuma 24 hadi 27, kutegemea tairi na mzigo, kwa sababu injini iko nyuma na mbele ni kwepesi. Ukijaza 32 kote, mbele kunadundadunda na usukani unaelea. Nimewasikia watu wakilaumu stelingi boksi, shokapu na barabara za halmashauri, wakati dawa ilikuwa kutoa upepo, tena bure.

Najua kuna msikilizaji anayeniona mzee wa kale, adui wa tairi pana. Nitamkumbusha mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957, na mwaka 1962 Tommy Fjastad akaishindia tena. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Tanzania alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Magari yale yalipita kwenye tope, vumbi na mawe kwa tairi ambazo leo ungeziona nyembamba kama za pikipiki. Tairi jembamba kwenye tope hukata chini likatafuta ardhi ngumu, wakati pana linaelea juu ya ute. Ubavu mrefu nao humeza jiwe ambalo ubavu wa 40 ungelipeleka moja kwa moja kwenye rimu. Barabara zetu za vijijini hazijabadilika kiasi cha kuibatilisha habari hiyo.

Sisemi gari lisiguswe. Mtu aliyebadili breki kuwa za diski, akaongeza nguvu ya injini, ana haki ya rimu ya inchi 5 na nusu na tairi la 185/70R15, ambalo kimo chake ni milimita 640. Hilo limepimwa, lina sababu. Ninalolikataa ni tairi lililochaguliwa na duka kwa sababu ndilo lililokuwapo.

Kwa mwenye Beetle iliyo kama ilivyozaliwa, jibu langu ni 165/80R15 pande zote, kwenye rimu yake. Gerezani hapa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utaambiwa hazipo, chukua 195/65. Usichukue. Agiza, usubiri, gari lako limeshasubiri miaka 60. Na zikifika, nunua 5, si 4. Spea ya Beetle inakaa mbele, kwenye kishimo kilichopimwa kwa tairi jembamba, na kwenye baadhi ya Beetle za zamani ndiyo inayosukuma maji ya kuoshea kioo: kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye valvu ya spea hadi kwenye chupa ya maji, na upepo wa tairi ndio pampu. Kwa hiyo kama yako ni mojawapo, spea ijazwe upepo mwingi kuliko tairi nyingine, na ikaguliwe kila unapokagua hizo nyingine. Ukibonyeza kitufe cha maji na kioo kikabaki na vumbi, usimwite fundi umeme. Shuka ukapime spea.